Kufuli la Elia

Niliyaona haya mchana, jua likiwa utosini, sijanywa kitu, sina homa, na nilikuwa nimeshiba wali maharage. Nasema mapema kwa sababu najua utakachoniuliza. Wote huniuliza hivyohivyo. Labda ulichoka, labda ni joto, labda ulisinzia. Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi. Nalipwa ili nisiamini kitu mpaka nimekipima. Hili nalo nimelipima kwa kila namna ninayoijua, na sijapata jibu jingine zaidi ya hili nitakalokupa.

Natokea Itigi, ila makazi yangu sasa ni Dodoma. Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, ule upepo wa Singida ukiwa umeshaanza kubeba vumbi na makapi ya alizeti mpaka yanaingia kwenye chai, niliitwa kwenye kiwanda cha mafuta kilicho kando ya barabara kuu, upande wa Ihanja. Jina lake silitaji. Walikuwa na chila yao iliyokwama.

Kama hujui chila, fikiria friji kubwa kama lori, ila yenyewe inapoza maji. Maji hayo ya baridi yanazungushwa kwenye mabomba mpaka kwenye matangi ya mafuta. Mafuta ya alizeti yakishapoa vizuri, ile nta iliyomo inaganda, inachujwa, na ndipo unapata mafuta maangavu yasiyofanya ukungu chupani. Bila chila, kiwanda kile kingeendelea kuuza mafuta ya kienyeji kama mashine za vijijini.

Mashine ilikuwa mpya. Ilifungwa, ikaunganishwa mabomba na umeme, halafu fundi aliyekuwa anaimalizia akafia pale pale kwenye chumba cha mashine, na tangu hapo ikafunikwa turubai. Mimi niliitwa kupanga vidhibiti vyake na kuvijaribu. Yaani unaifundisha mashine: maji yatoke na ubaridi huu, ujizime yakikaribia kuganda, ujizime pampu ikisimama, ujizime kompresa, yaani moyo wako, ikipata moto. Halafu unaitega. Unafunga maji makusudi uone kama itatii. Ikitii, unakwenda kwenye kipengele kingine. Ni kazi ya subira, na mashine isiyojaribiwa vizuri inaweza kupasua mabomba yake yenyewe.

Meneja wa kiwanda alinipokea vizuri tu. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Akanitembeza kiwanda kizima, kuanzia wanapopokea magunia mpaka wanapojaza chupa. Tulipofika chumba cha chila akasimama nje. Alinionyesha mlango kwa kidole.

"Fundi aliyekutangulia alikuwa mlevi," akaniambia. "Alikuja kazini amelewa, akashika umeme. Alijiua mwenyewe. Wewe dada, nakuomba usituletee mambo hayo."

Nikamwambia mimi sinywi. Akacheka, akaniachia fundi umeme wa kiwanda, mzee Hamisi, aniingize. Huyu Hamisi ni wa umri wa baba yangu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, na kila asubuhi aliitikia akiangalia chini. Alikuwa mtu wa msaada, waya gani uko wapi alijua, lakini kazi ikiisha alitoka mle chumbani kama mtu anayetoka majini. Nilidhani ni tabia yake.

Sasa nikuambie jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo hutanielewa. Fundi akitaka kuingiza mikono kwenye mashine, anashusha mpini wa swichi kuu, anautia kufuli lake mwenyewe, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Hakuna mwenye ufunguo wa pili. Kufuli lile linasema kwa niaba yako kwamba uko ndani. Mtu akiliona, hata awe nani, anasubiri mpaka utoke.

Siku ya kwanza ya kazi, Hamisi na wenzake walipokwenda kula, nilibaki. Nilikuwa nimeshusha swichi, nimetia kufuli, nimepiga magoti mbele ya sanduku la nyaya za kompresa nikikaza zilizolegea. Pampu za maji zina umeme wake mbali, kwa hiyo zilikuwa zinaunguruma. Mle ndani pampu zikiwaka, ukitaka kuzungumza na mtu unamsogelea sikioni na kupiga kelele.

Nikasikia mtu ananisalimia. Nikainua kichwa. Mwanamume mwembamba, amevaa ovaroli la bluu lililofungwa vifungo mpaka mikononi, amesimama kando ya swichi kuu. Wafanyakazi wa pale wote huvaa makoti ya kijani, basi nikajua huyu ni wa nje, labda wa kampuni iliyofunga mabomba. Nikaitikia.

Akaniuliza kama nimefunga. Nikasema nimefunga. Ufunguo uko wapi? Nikaupigapiga mfuko wangu. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika kabisa, kama mwalimu aliyepewa jibu zuri. Nikaona naye ana kifunguo kidogo mkononi, anakizungushazungusha kwenye vidole. Akasema ni cha kufuli lake, ila kufuli lenyewe hajui liliko.

Halafu akauliza, "Meneja anakuja lini humu?"

Nilimwambia sijui, mimi nimemwona akiishia mlangoni. Akasema ndiyo, huwa anaishia mlangoni. Nikarudisha macho kwenye nyaya zangu, nilipoinua tena ameondoka. Hakuna lililonishtua. Je, wewe ungeshtuka? Mtu kaja, kauliza, kaondoka. Viwandani kila siku kuna mtu anamtafuta meneja. Jioni tu, nikiwa nanawa mikono, ndipo jambo moja likanijia. Pampu zilikuwa zinawaka muda wote ule. Mimi nilikuwa nikipayuka. Yeye alikuwa anasema polepole, kama mtu aliye mezani, na hakuna neno lake hata moja lililonipita.

Nikajiambia ana sauti nzuri, basi.

Alirudi siku zilizofuata, saa zilezile za chakula, pale pale kando ya swichi. Hakuwahi kusogea mbele zaidi. Joto la mle ndani lilikuwa la kukufanya ujute kuzaliwa, mimi nimelowa jasho mpaka buti, yeye na vifungo vyake mpaka mikononi hana hata tone. Swali lake ni lile moja. Meneja anakuja lini? Nilianza kumhurumia. Nilifikiri ni kibarua anayezungushwa, na mimi siwapendi wakubwa wanaozungusha watu.

Kwa hiyo nilipopata jibu, nilimpa. Wenye kiwanda walikuwa wameagiza kwamba jaribio la mwisho Meneja alishuhudie kwa macho yake, ndani ya chumba, halafu wapigiwe simu. Nikamwambia yule bwana kwamba kesho, jua likiwa kali, tukishaibebesha mashine mzigo wote, Meneja atakuja. Atasimama hapo hapo uliposimama wewe.

Akanishukuru. Alitabasamu. Niamini, lilikuwa tabasamu la mtu aliyeambiwa mke wake amejifungua salama.

Kesho yake tulianza asubuhi. Mashine iliwaka vizuri, maji yakashuka baridi kidogo kidogo mpaka pale nilipotaka, yakatulia. Nikafunga maji kidogo, ikajizima. Nikafungua, ikasubiri muda wake, ikawaka. Nikaidanganya kwamba maji yanakaribia kuganda, ikajizima na kupiga kengele. Kila nilichoiuliza ilijibu. Nilianza kuimba.

Mchana joto lilipopanda, tukafungulia mafuta ya matangi yote. Hapo sensa moja ya kompresa, kile kidude cha kupimia joto, ikaanza kunipa namba za ajabu, mara moto, mara baridi. Waya wake umelegea, nikaelewa. Nikaizima mashine, nikashusha swichi kuu, nikatia kufuli. Pampu niliziacha zizunguke. Nikamwambia mzee Hamisi asimame pale, Meneja akija amwambie asubiri, fundi yuko nyuma ya mashine. Nikazunguka nyuma, nikalala kifudifudi kati ya mabomba, nikafungua lile sanduku na kuingiza mikono yote miwili mpaka viwiko.

Yaliyotokea upande wa mbele sikuyasikia. Ameniambia mzee Hamisi. Meneja aliingia na simu sikioni. Upande wa pili walikuwa wenye kiwanda, malori yapo nje, mafuta yamejaa matangini, kwa nini mashine imezimwa? Akasema inawaka sasa hivi. Akakata simu, akamwambia Hamisi alete ule mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Hamisi akamwambia fundi yumo ndani. Meneja akasema huyo dada anachelewesha watu, yuko huko anachezea simu, lete. Mkasi ulikuwa pale ukutani. Hamisi anasema aliushika, akaangalia mikono yake, akauweka sakafuni. Akamwambia leo hapana. Meneja akainama akauokota mwenyewe.

Mimi nilikuwa kwenye kelele za pampu, sijui lolote, ncha ya bisibisi iko kwenye skrubu. Ndipo nikasikia sauti sikioni, polepole, karibu mno.

"Fundi, toa mikono."

Nilitoa. Sikufikiri, nilitoa kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Nikageuka, hakuna mtu. Ila kati ya bomba na bomba kuna nafasi ya kuonea upande wa pili, na kupitia nafasi ile niliiona swichi kuu.

Kufuli langu lilikuwa chini, limekatwa. Meneja ameshika mpini kwa mkono wa kulia. Na juu ya mkono wake palikuwa na mkono mwingine, mwembamba, wenye mkono wa ovaroli la bluu uliofungwa kifungo. Yule bwana alikuwa amesimama amemkaribia Meneja uso kwa uso, kama watu wawili wanaonong'onezana msibani.

"Kuna mtu ndani," akasema.

Niliyasikia maneno hayo nikiwa nyuma ya mashine, pampu zinaunguruma. Hamisi aliyasikia akiwa pembeni yao. Meneja aliyasikia, maana nilimwona akirudisha kichwa nyuma. Alivuta mkono wake, haukutoka. Akavuta kwa mwili mzima. Mpini haukupanda, haukushuka. Akateleza, akaning'inia pale kwa mkono mmoja, na yule bwana akashuka naye taratibu, uso hauondoki usoni. Hakukuwa na hasira kwenye uso ule. Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko vyote. Alikuwa na subira ya mtu aliyesubiri sana na sasa hana haraka tena.

Nikamsikia mzee Hamisi anasema, "Elia."

Alisema hivyo tu, kama anamwita jirani. Yule bwana akageuza kichwa, akamwangalia Hamisi. Halafu hakuwepo. Sikumwona akiondoka. Palikuwa na Meneja amekaa sakafuni, amekumbatia mkono wake, na swichi kuu juu yake.

Jambo la kwanza nililofanya, na hili nakuomba ulishike, nilikwenda kuukagua ule mpini. Ulikuwa chini. Umeme haukuwa umewaka hata kidogo. Nikatoa kipimo changu nikapima, sifuri. Kwa hiyo ukiambiwa Meneja alipigwa shoti, kama alivyowaambia madaktari, jua kwamba haikuwepo shoti ya kumpiga. Madaktari wenyewe walitafuta mahali alipoungua hawakupaona. Walichokiona ni mkono uliojikunja, vidole vimezunguka kitu kisichokuwepo, kucha za bluu, na baridi. Niliugusa tulipokuwa tunampakia kwenye gari. Mimi maji ya chila nayajua kwa ngozi. Ulikuwa na baridi ile ile.

Jioni ile mzee Hamisi alikaa juu ya gunia la mashudu nje ya ghala, akalia kama mtoto. Halafu akanieleza. Elia ndiye yule fundi aliyenitangulia, na alikuwa ametia kufuli lake siku ile, kama nilivyotia mimi. Alikuwa amelala pale pale nilipolala. Meneja alikuwa na wageni, akataka waione mashine ikizunguka. Akaamuru kufuli likatwe, na Hamisi akalikata, kwa sababu alikuwa na watoto shuleni na Meneja ndiye Meneja. Mpini aliupandisha Meneja mwenyewe. Ukelele waliusikia hata juu ya pampu.

Baada ya hapo Meneja alituma chupa ya pombe kali iletwe, akaimwaga kwenye nguo za marehemu kabla polisi hawajafika. Akasema kufuli halikuwepo. Elia, ambaye maisha yake yote alikuwa mwimbaji wa kwaya na soda ndiyo iliyokuwa ulevi wake, akazikwa na jina la mlevi. Kiwanda hakikumtambua mjane wake. Kanisani watu wakanong'ona. Binti yake mdogo, Neema, akaitwa shuleni mtoto wa mlevi.

Nikamwuliza Hamisi kufuli alilipeleka wapi. Aliinuka, tukaingia ndani, akanyanyua kifuniko cha mfereji wa nyaya, akalala kifua na kuingiza mkono. Akatoka nalo, limejaa vumbi, limekatwa shingo.

Tulikwenda Ihanja kwa Mama Neema. Ni nyumba ya matofali, uwanja umefagiwa, mbuzi wawili watatu. Alitupokea kwa heshima, akatuletea viti. Hamisi hakukaa. Alipiga magoti mbele ya mwanamke anayeweza kuwa binti yake, akasema yote, bila kujipunguzia. Mama Neema alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani akatoka na kifunguo alichokabidhiwa hospitali pamoja na nguo za mumewe. Alikitia kwenye kufuli lile lililokatwa. Kikazunguka. Akakizungusha tena na tena, tukisikia kile kimlio chake kidogo, na machozi yakimtiririka bila sauti.

Hamisi alikwenda polisi mwenyewe. Mambo ya mahakama siyaingilii hapa, kila mtu atabeba lake. Chila niliimaliza, kwa sababu kazi niliyoianza huwa naimaliza. Nilipolala tena nyuma ya mashine ile, sikuogopa. Sijawahi kufanya kazi mahali nikajisikia nimelindwa namna ile. Na yule bwana sikumwona tena.

Lakini Meneja hakupona. Walimpeleka hospitali kubwa, wakampeleka kwa waombeaji, wakampeleka Manyoni kwa mganga, kote huko mkono umekunjika na baridi yake inapanda. Mwanzo iliishia kiwikoni. Baadaye bega. Ukipita mjini Singida mchana, watu wote wamekimbilia kivulini, utamwona amekaa juani barazani kwake na blanketi, anatetemeka.

Mwishowe alikwenda Ihanja na wazee wake kuomba msamaha. Mama Neema alinisimulia mwenyewe. Aliwapa viti. Akawaletea maji ya kunywa, akampa Meneja kikombe upande wa kulia, makusudi, akaangalia anavyohangaika nacho. Wazee wakazungumza sana, wakataja Mungu, wakataja ng'ombe. Meneja akalia. Mama Neema alipopewa nafasi, alisema maneno machache.

"Aliyekushika si mimi, baba. Nenda ukamwombe yeye. Unajua alipo, wewe ndiye uliyemwacha mle ndani."

Walimpeleka. Alifika mpaka mlango wa chumba cha chila, pale alipokuwa akiishia siku zote, akasimama. Wanasema alisimama kwa muda mrefu pampu zikiunguruma, halafu akaomba arudishwe nyumbani.

Watu wema huniuliza kama najuta kumwambia Elia siku ile Meneja angekuja lini. Nimekwishalala nikaamka nikijiuliza. Sijuti. Ningeulizwa tena ningejibu tena, na ningetaja na saa. Kilichobaki kwangu ni kitu kingine. Siwezi tena kuwasha chochote, hata swichi ya taa katika chumba cha mtu, bila kwanza kuita kwa sauti kama kuna mtu. Mume wangu amezoea. Wageni hucheka.

Basi wewe unayenisikiliza, hasa kama kazini kwenu wewe ndiye mwenye kuamuru. Ukikuta kitu kimefungwa na hukukifunga wewe, kiache. Hata kama simu inaita, hata kama malori yamepanga foleni, hata kama aliyekifunga unamwona mtu mdogo. Mtafute mwenye kufuli, umngoje. Akiwa hai, atakuja na kukufungulia, na pengine mtagombana kidogo. Akiwa amekufa, hatagombana na wewe. Atakushika mkono tu.